Tumehamisha seva ya barua pepe, baadhi ya barua zinazoingia zinagoma: "Relay access denied". Msaada wakuu

#1 GetiLaBarua
Wakuu salama. Nina tatizo limeninyima usingizi, leo siku ya nne. Ofisini tuna visanduku kama 140, vyote vilikuwa kwenye seva moja ya zamani iliyokuwa inafanya kila kitu yenyewe. Sasa tumegawa kazi, mbele nimeweka geti la Postfix (programu ya kupokea na kupitisha barua) linachuja spamu, nyuma yake kuna seva mpya yenye visanduku. Ijumaa usiku nikabadili MX (rekodi ya DNS, kile kitabu cha majina ya mtandao, inayosema barua za domeni ziende mashine gani), Jumamosi asubuhi nikaona barua zinaingia vizuri tu, nikafuta domeni kwenye seva ya zamani ili barua zisije zikajificha kule. Tangu hapo baadhi ya watu wa nje wakituandikia wanarudishiwa barua yao na haya maneno:

554 5.7.1 Relay access denied

Yaani seva imekataa kupitisha barua. Kinachonichanganya sio wote. Na mtu huyohuyo mmoja asubuhi barua yake inaingia, mchana inarudi, jioni inaingia tena. Kwenye logi ya geti jipya nimetafuta sioni mahali tumemkataa. Watu wa uhasibu wanasubiri nyaraka na kila nusu saa simu yangu inalia. Nianzie wapi?

#2 Kipanga25
Anzia kwenye barua yenyewe iliyorudishwa. Hiyo uliyoweka ni kipande tu, juu yake kuna mstari unaosema mashine gani ndo imetamka hayo maneno, jina na IP ndani ya mabano ya mraba. Bila huo mstari wote humu tutakuwa tunapiga ramli. Mwambie mtumaji akupe maandishi yote, asikupe skrinishoti aliyoikata.

#3 fundi_poti
Mkuu hili nimelitibu mara nyingi, ni relay_domains, orodha ya domeni ambazo geti linakubali kupitishia barua. Wengi wakitoka kwenye seva moja kwenda kwenye geti wanakopi main.cf (faili la mipangilio ya Postfix) ya zamani kama ilivyo. Kule zamani domeni ilikuwa kwenye mydestination kwa sababu visanduku vilikuwa palepale, sasa geti halina visanduku, kazi yake ni kupokea na kupitisha, kwa hiyo domeni inatakiwa iwe kwenye relay_domains halafu kwenye transport unamwambia aipeleke wapi. Ukiiacha kwenye mydestination geti linatafuta watumiaji wa humohumo ndani, hawapo, linarudisha 550 5.1.1 mtumiaji hajulikani. Ukiitoa huko na usiiweke popote ndo unapata hiyo 554 yako, maana kwa Postfix domeni ambayo haipo kwenye orodha yake yoyote ni mali ya watu wengine, na mgeni hana ruhusa ya kupitishia barua za watu wengine kwako. Na ukiwa ulizoea Postfix za zamani kuna mtego mwingine, zamani relay_domains kwa difolti ilikuwa inarithi mydestination, toka 3.0 ukiweka compatibility_level (kiwango cha kuendana na matoleo ya zamani) 2 au zaidi difolti yake ni tupu. Kwa hiyo kitu kilichokuwa kinafanya kazi bila kuandikwa, leo lazima ukiandike. Tupia postconf -n hapa, yaani mipangilio uliyoiandika mwenyewe.

#4 mgeni_njiani
Mimi ilinitokea nikaweka mynetworks = 0.0.0.0/0 ikaisha papo hapo. Jaribu.

#5 Kipanga25
#4 FUTA HIYO. Na GetiLaBarua usithubutu hata kwa dakika tano. Hapo umeiambia seva kila mtu duniani ni mtu wa nyumbani.

#6 BiFoleni
Namuunga mkono Kipanga. Mgeni usichukulie vibaya, ila wacha nikwambie yaliyonikuta. Nilikuwa na seva ya barua ndani ya kontena (boksi la programu lililotengwa ndani ya mashine), mynetworks nimeacha mitandao ya ndani tu, nikajiona nipo salama kabisa. Kumbe barua zote za kutoka nje zilikuwa zinapita kwenye proksi ya kontena, kwa hiyo Postfix alikuwa anamuona kila mgeni anatoka 172.17.0.1, yaani mtu wa ndani. Niliamka saa kumi na moja asubuhi nikaandika mailq (amri ya kuona foleni ya barua), skrini ikaanza kuteremka, ikateremka, haikusimama, nikabonyeza Ctrl-C nikahesabu kwa njia nyingine nikakuta foleni ina barua zaidi ya elfu sitini, zote za watu nisiowajua kwenda kwa watu nisiowajua. IP yetu ikaingia kwenye orodha nyeusi na kutoka ilinichukua wiki nzima ya kuomba radhi kwa fomu. Hilo kosa la "Relay access denied" mnaloliona ni adui ndo mlinzi wa mlango huyo. Usimfukuze mlinzi, mwambie wageni wako ni akina nani.

#7 mgeni_njiani
Dah asante dada, sikujua. Naenda kuangalia ile seva yangu sasa hivi.

#8 fundi_poti
Kimbia mkuu 😀 ukirudi utuambie foleni ina ngapi.

#9 GetiLaBarua
Asanteni. Hii hapa postconf -n, nimebadilisha majina:

mydestination = localhost
relay_domains = example.org, example.net
transport_maps = hash:/etc/postfix/transport
smtpd_relay_restrictions = permit_mynetworks, reject_unauth_destination

mynetworks ina 127.0.0.0/8 na seva ya ndani tu. Kwa hiyo fundi_poti naona hapo nipo sawa?

#10 fundi_poti
Hapo upo sawa. Na transport je? Uliandika ukakumbuka postmap? Maana hash haisomi faili la maandishi, inasoma lile la .db. Piga postmap -q example.org hash:/etc/postfix/transport uone inajibu nini, na ya pili hivyohivyo.

#11 GetiLaBarua
Ya kwanza inajibu smtp:[10.0.0.5]:25. Ya pili imekaa kimya!! Kumbe example.net niliiandika kwenye faili baada ya kupiga postmap. Nimepiga upya sasa inajibu. Inawezekana ndo ilikuwa hii?

#12 MzeeWaSendmail
Hapana kijana, hiyo ni ugonjwa mwingine. Transport ikikosekana geti linapokea barua vizuri tu, halafu likienda kuuliza MX ya example.net linajikuta lenyewe, ndo unapata "loops back to myself". Hiyo haiwezi kukupa Relay access denied. Umeponya jeraha ambalo ulikuwa hujaliona bado, ni vizuri, ila sio hili tunalolitafuta.

Mimi nasema ni DNS. Ulibadili MX Ijumaa usiku, TTL (sekunde ambazo jibu la DNS linaruhusiwa kuhifadhiwa) ilikuwa ngapi? Kama ilikuwa 86400 basi mtu aliyeulizia dakika tano kabla hujabadili ana ruhusa ya kubaki na jibu la zamani siku nzima, na anaenda kugonga seva ya zamani. Na seva ya zamani wewe umeshaifuta domeni, sasa unategemea ifanye nini? Inasema ukweli wake, hawa siwajui. Kosa lako kubwa ni lile la Jumamosi asubuhi. Seva ya zamani haifutwi domeni, inageuzwa. Unaitoa domeni kwenye visanduku vyake, unaiweka kwenye relay_domains, na transport unaielekeza kwenye geti jipya kwa IP ndani ya mabano ya mraba ili isiulize MX, halafu unamwambia geti jipya asiichuje kwa SPF (ukaguzi kama mashine inaruhusiwa kutuma kwa jina la domeni ya mtumaji) maana kila kitu kitaonekana kinatoka kwa yule mzee. Unaiacha hivyo wiki mbili, ukiona logi yake imekauka ndo unazima.

#13 Kipanga25
Mzee nakuheshimu na ushauri wa kugeuza seva ni dhahabu, ila TTL haielezi siku ya nne. Na haielezi asubuhi inaingia mchana inarudi jioni inaingia. Kashe (jibu lililohifadhiwa) ikishaisha imeisha, hairudi nyuma.

#14 GetiLaBarua
TTL niliipunguza siku mbili kabla, ilikuwa 3600.

#15 MzeeWaSendmail
Basi TTL naiondoa. Ila kurudi nyuma kunawezekana Kipanga, mtumaji akiwa na seva kadhaa za kutoa barua na kila moja ina kashe yake, na moja imewekewa MX kwa mkono. Nimeshaona mtu kaandika IP ya mteja wake kwenye transport yake mwenyewe miaka na miaka huko nyuma akasahau. Hiyo hata ungoje mwaka haiishi mpaka umpigie simu.

#16 nyuzi_ndefu
Jamani swali la pembeni, kwani zamani seva zilikuwa zinapitishia kila mtu? Nasikia wazee mnasema hivyo.

#17 MzeeWaSendmail
Zilikuwa zinapitisha. Barua ilikuwa kama kumpa msafiri bahasha, akifika njia panda anampa mwingine, wala hakuna anayemuuliza wewe nani. Spamu ndo iliua ile tabia. Sendmail 8.9 ya mwaka 1998 ndo ilikuja imefunga mlango kwa difolti, watu wakapandisha toleo wakaamka asubuhi wateja wote wanapata "Relaying denied". Kelele zilizopigwa kipindi kile ni hizihizi za uzi huu.

#18 lango_wazi
Mnazunguka sana. Waulize AAAA, rekodi ya anwani ya IPv6 (A ni ya IPv4). GetiLaBarua, piga:

dig AAAA mx.example.org

Watu wanabadili A wanasahau AAAA, jina la mashine ni lilelile, IPv4 inaelekea kupya, IPv6 imebaki kule kwa zamani. Na hii inaeleza kabisa ile asubuhi na jioni yako. Mtumaji akiwa na Postfix yenye IPv6, toka 2.9 smtp_address_preference kwa difolti ni any, yaani hana upande anaoupendelea, leo anaanza na hii kesho na ile. Akiangukia IPv6 anamkuta mzee aliyefutiwa domeni, anapewa 554. Na 5 mbele ni kukataliwa moja kwa moja, hajaribu anwani nyingine, anarudisha barua palepale. Ingekuwa 4 angesubiri akajaribu tena na pengine angepita.

#19 GetiLaBarua
Mkuu mikono inatetemeka hapa.

mx.example.org. 3600 IN AAAA 2001:db8:0:1::10

Hiyo ::10 ni seva ya ZAMANI. Geti jipya hata IPv6 sijaliwekea. Na nimepata barua kamili kutoka kwa mteja mmoja kama Kipanga alivyosema #2, mstari wake ni huu:

host mx.example.org[2001:db8:0:1::10] said: 554 5.7.1 uhasibu@example.org: Relay access denied

Ile skrinishoti ya kwanza ilikuwa imekatwa hapohapo kwenye "said". Nimeitoa AAAA sasa hivi. Na ndo maana logi ya geti jipya haikuwa na kitu, hawakufika kabisa kwangu!

#20 fundi_poti
lango_wazi umeua. Nakubali, IPv6 sikuiwaza hata kidogo.

#21 BiFoleni
Hongera. Ila usiishie kuitoa, geuza na seva ya zamani kama Mzee alivyosema #12, maana hata AAAA ina TTL yake. Na ukiweza weka soft_bounce = yes kwenye hiyo ya zamani kwa siku hizi chache. Inageuza kila kukataa kwa 5 kuwa 4, mtumaji hapati barua ya kurudishiwa, anashikilia kwenye foleni yake na kujaribu tena. RFC 5321 (kanuni za kutuma barua pepe) inataka mtumaji aendelee kujaribu angalau siku nne au tano, na Postfix mwenyewe anashikilia siku tano kwa difolti. Hizo ni siku tano za kupumua umekosea bila barua ya mtu kupotea. Mimi kila uhamisho naanza na huo mstari mmoja kabla sijagusa kingine chochote.

#22 Kipanga25
Kwenye soft_bounce tahadhari kidogo, usiiache ikasahaulika. Spamu zote ulizokuwa unazikataa zitakuwa zinarudi kugonga kila baada ya muda. Pia mtu aliyekosea anwani hatajua kama amekosea mpaka siku tano zipite, anadhani barua imefika.

Na njia nyingine ni kutumia defer_unauth_destination (ahirisha) badala ya reject (kataa). Hiyo ndo difolti ya smtpd_relay_restrictions ilivyoletwa na Postfix 2.10, inatoa 454 4.7.1 yenye maneno yaleyale. Wewe inaonekana ulikopi reject kutoka mahali.

#23 GetiLaBarua
Nilikopi kwenye mafunzo fulani, ndio. Nabadilisha kwa wiki hii.

#24 GetiLaBarua
Wakuu nimerudi. Leo siku ya pili toka nitoe AAAA. Malalamiko yamepungua sana, ila hayajaisha. Nina watu watatu bado wanarudishiwa. Mmoja kanitumia maandishi kamili na IP iliyotajwa ni ya GETI JIPYA, IPv4. Na nimetafuta kwenye logi, grep (amri ya kutafuta maneno) example.org, hakuna kukataliwa kokote. Mashine inasema imemkataa, logi inasema haijamkataa. Nimwamini nani?

#25 lango_wazi
Logi inaweza kukuacha. Journald (huduma ya kutunza logi kwenye Linux) ina kikomo, difolti ni mistari 10000 kwa sekunde 30 kwa huduma moja, ikizidi inatupa. Tafuta neno Suppressed kwenye journalctl.

#26 Kipanga25
Kwa ofisi ya visanduku 140 kufika mistari elfu kumi kwa nusu dakika? Labda awe anashambuliwa. Mimi nauliza kitu kidogo, huyo aliyerudishiwa aliandika kwa anwani gani HASA? Soma herufi moja moja baada ya alama ya @. Maana wewe umegrep example.org.

#27 GetiLaBarua
Ngoja.

#28 GetiLaBarua
Aisee. Aliandika kwenye jina letu la zamani. Ofisi ilibadili jina miaka kadhaa nyuma, domeni ya zamani iliachwa kama jina la pili, hakuna anayeitumia ndani lakini kwenye vitabu vya anwani vya wateja ipo bado. MX yake inaelekea kwenye mx.example.org hiyohiyo, kwa hiyo nilipohamisha mashine na yenyewe ikahama bila mimi kujua. Kwenye seva ya zamani ilikuwa imeandikwa kwenye faili la virtual (orodha ya majina ya pili) ambalo sikulikopi. Nimegrep "Relay access denied" peke yake bila jina la domeni, nimekuta mistari 211 ya NOQUEUE (zilizokataliwa kabla ya kuingia foleni) toka Jumamosi. Mia mbili na kumi na moja! Ilikuwepo muda wote, mimi ndo nilikuwa naitafuta kwa jina lisilo lake.

#29 BiFoleni
Pole kaka. Hizo 211 zipitie moja moja uwaandikie watumaji, wengine hata hawasomi barua za kurudishiwa, wanadhani umewapuuza. NOQUEUE inakupa from na to, una kila kitu cha kuwapata.

#30 nyuzi_ndefu
Kwa hiyo jibu ni lipi sasa, IPv6 au domeni ya zamani?

#31 fundi_poti
Yote mawili, na mimi bado nasema lilikuwa relay_domains 😀 si mnaona, domeni haikuwepo kwenye orodha.

#32 lango_wazi
Fundi acha kujichukulia ushindi, ulimwambia "hapo upo sawa" #10.

#33 fundi_poti
Kwa orodha aliyoleta alikuwa sawa! Nisingejua kuna domeni ya tatu.

#34 paka_wa_seva
Nimechelewa uzi ila nina kisa kinafanana. Sisi seva ya zamani ilikuwa ya pamoja na makampuni mengine, tulipohama tukaacha akaunti haijafutwa. Watu wote wa nje barua zikaingia kwetu vizuri, isipokuwa wale waliokuwa wamekaa kwenye seva ileile ya zamani. Wakituandikia, seva inaona domeni yetu bado ni ya nyumbani, haiulizi MX kabisa, inatupia kwenye kisanduku cha zamani na mtumaji haoni kosa lolote. Kwenye cPanel (paneli ya kusimamia seva) ni lile suala la localdomains na remotedomains, orodha za domeni za nyumbani na za nje. Sisi tuligundua mwezi wa pili, mtu kaja mlangoni kauliza mbona hamjibu. Kwa hiyo GetiLaBarua kufuta domeni kule zamani haikuwa wazimu, ulikuwa na sababu.

#35 MzeeWaSendmail
Kisa kizuri. Hapo tofauti ni kwamba yeye seva ya zamani ilikuwa yake mwenyewe peke yake, alikuwa na uwezo wa kuigeuza. Kwa ya pamoja unabadili iwe remote, unahakikisha, ndo unafuta.

#36 dada_wa_DNS
Na mimi niongeze moja, MX yako inaelekea kwenye jina lenye A au kwenye CNAME (jina linaloelekeza kwenye jina jingine)? Kuna watu wakihama wanaona rahisi kuifanya mx kuwa CNAME ya mashine mpya. RFC 2181 ya 1997 imekataza, MX lazima ielekee kwenye jina lenye anwani lenyewe. Watumaji wengi wanavumilia, wachache hawavumilii, na hao wachache ndo wanakufanya uone "baadhi tu zinarudi".

#37 GetiLaBarua
Dada ni A, nimehakikisha. Asante.

Sasa apdeti. Domeni ya tatu nimeiweka kwenye relay_domains na transport, wawili kati ya wale watatu wameandika barua zimeingia. Amebaki mmoja. Huyu anaandika kwa anwani sahihi, example.org, herufi zote nimezisoma. Bado analalamika akiwa ofisini kwake barua inaenda, akiwa safarini inarudi na "Relay access denied". Kwenye logi yangu, grep bila domeni, kwa IP, kwa jina lake, hakuna hata alama ya mguu. Safari hii nina hakika.

#38 Kipanga25
Huyo wala hajafika kwako. Ofisini anapita, safarini anakataliwa, hiyo ni seva YAKE ya kutolea barua ndo inamkataa. Akiwa ofisini yumo kwenye mynetworks ya kwao, akitoka nje anatakiwa ajitambulishe kwa paswedi, na programu yake ya simu haijawekewa. Maneno ni yaleyale kwa sababu kosa ni lilelile, ila mlango ni wa kwao. Mwambie aangalie poti, atumie 587 na kujitambulisha.

#39 lango_wazi
Inawezekana, ila mbona alianza kulalamika wikiendi ya uhamisho? Kabla ya hapo hakuwahi kusafiri? Mimi naangalia fayawoli. Kama kuna sheria ya zamani ya kuhamisha poti 25 (mlango wa seva kupokelea barua) kutoka kwenye baadhi ya IP kwenda mashine ya zamani, mtu wa IP hizo anagonga mlango mpya anafunguliwa na mzee wa zamani. Logi ya geti haitakuwa na kitu, na barua ya kurudishiwa itataja IP mpya.

#40 Kipanga25
Basi salamu ya kwanza, ile 220, ingetaja jina la mashine ya zamani. Rahisi kupima, atelnet poti 25 akiwa huko safarini asome jina.

#41 BiFoleni
Akiwa safarini kwenye mtandao wa simu au hoteli hiyo poti 25 mara nyingi imefungwa, hatasoma kitu. Na kama mtandao wa huko unakamata poti 25 na kuipitisha kwenye seva yao wenyewe? Hiyo nayo nimeshaiona, unaandika telnet kwenye mashine yako mwenyewe, salamu inakuja yenye jina usilolijua.

#42 MzeeWaSendmail
Hilo la BiFoleni lipo na mimi nimelikuta. Lakini kijana, kabla ya yote hayo, seva ya zamani umeigeuza au bado? Kama bado ina kumbukumbu yoyote iangalie logi yake kwa jina la huyu bwana. Mashine tatu zinatuhumiwa na moja tu ndo tumeihoji.

#43 GetiLaBarua
Niliigeuza jana usiku, logi za nyuma zipo bado. Nimemwomba huyu mteja maandishi yote ya barua iliyorudi na vichwa vyake, kasema yupo njiani atanitumia akifika. Naenda kuhoji mashine ya zamani sasa hivi.

#44 mgeni_njiani
Mimi nimerudi. Foleni ilikuwa na 3,400. Nimefunga mynetworks, nimefuta zisizo zangu. BiFoleni asante sana dada, ile fomu ya kuomba kutolewa kwenye orodha nyeusi naijaza vipi?

#45 BiFoleni
Usijaze bado. Kwanza hakikisha kwa testi ya kutoka nje kuwa mlango umefungwa kweli, ukiomba mapema wakakukuta wazi mara ya pili wanakuwa wagumu. Fungua uzi wako tupia postconf -n, nakuja.